Ikwalaiza ya Vijiti Kumi na Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Imefika. Imefika, imefika, imefika!

Wiki saba nimeusubiri mzigo huu, na leo saa nne asubuhi mtu wa vifurushi ameutua juu ya meza ya kukatia, katikati ya ngozi bandia ya viti vya basi la shule, kana kwamba ni kitu cha kawaida. Nimetia sahihi mara mbili, ya kwanza juu ya meza. Akaniuliza kama naumwa.

Ikwalaiza. Yangu mwenyewe. Nyeusi, bapa, upana wa daftari. Usoni ina vijiti kumi na kimoja vya kupandisha na kushusha, kila kimoja na kitaa cha kijani chini yake. Kushoto kabisa sauti nene, ile ya tumboni. Kulia kabisa nyembamba, ile ya njuga na ya herufi S. Kila kijiti na kipande chake cha sauti, hakimwingilii jirani. Redio yangu ina vinobu viwili tu, besi na trebo – sawa na kushona kiti kizima kwa sindano ya magunia.

Gari langu lenyewe halikosi kitu. Spika nne milangoni. Amplifaya mbili chini ya viti. Sabufa, spika ile kubwa ya sauti nene, kwenye buti, ndani ya boksi nililolipima, nikalikata na kulivisha ngozi bandia ya zambarau kwa mikono hii. Miaka mitatu ya Jumapili! Na bado linasikika kama mtu anaimba ndani ya pipa. Kila aliyelisikiliza kasema hivyo hivyo: vifaa vizuri, sauti haijapangwa.

Sasa itapangwa.

Nimeiweka kwenye droo ya nyuzi. Mpaka jioni nimeifungua droo mara tisa.

Jumanne, 4 Juni

Kazi: viti sita vya basi la shule. Akili: haipo.

Nimepata pa kuiweka. Chini ya redio, palipokuwa na kisahani cha majivu ya sigara. Nimetengeneza fremu ya mbao, nikaivisha zambarau, mshono wa mara mbili. Hakuna atakayeuona mshono huo. Nimeushona vilevile.

Jioni nilipita kwa wazazi. Baba ana hasira na kwaya, tena. Anasema soprano wanakula maneno. Wimbo unasema "siku zote tusimame", wao wanatoa "iku ote tuimame". Kawafundisha miaka thelathini, na mwaka huu wameamua kumkomoa – maneno yake hayo. Mwezi uliopita aliwaachia ukumbi katikati ya wimbo. Wanne wameshajiondoa. Na Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15, kamati imeitisha mkutano. Hawakusema wa nini. Kila mtu anajua wa nini.

Nikamwambia nimepata ikwalaiza.

"Ya nini?"

"Ya kupanga sauti, Baba."

"Sauti hupangwa na mwalimu, mama. Haipangwi na bati."

Sikuumia. Nimezoea. Baba hajawahi kuketi ndani ya gari langu hata siku moja, analiita kinu. Katika watoto wake wote mimi ndiye nisiyejua kuimba. Nilipokuwa na miaka tisa aliniweka mstari wa nyuma, akaniambia niwe nafungua mdomo tu, sauti nibaki nayo. Lakini hakuna sikio ninalolitamani duniani kama lake. Kijiko kikianguka jikoni anakuambia ni noti gani.

Alhamisi, 6 Juni

Fyuzi amekuja kunifungia waya. Fyuzi ni fundi umeme wa karakana ya jirani. Nadhani hata yeye amesahau jina aliloitwa na mama yake. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Sauti inatoka kwenye redio, inapita kwenye ikwalaiza inasafishwa, ndipo iende kwenye amplifaya ikuzwe. Fyuzi kashika nyaya za umeme, mimi za sauti. Yeye kalala chali chini ya usukani, mimi nimejikunja upande wa abiria, mbwa wake kalala kivulini mwa gari.

Saa tisa kasoro tukawasha. Vitaa kumi na kimoja vya kijani! Nilipiga kelele. Mwenye duka la rangi alitoka nje kuangalia.

Halafu tukawasha injini. Iiiiiiii. Mlio mwembamba, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka.

"Dada fundi," akasema Fyuzi kutoka chini, "hapa umepata mbu wa kufuga."

Ijumaa, 7 Juni

Mbu amekufa!

Fyuzi kamsaka saa mbili nzima. Kumbe kosa langu. Waya wa ethi, ule unaotakiwa kushika bati tupu la gari, jana Fyuzi aliniachia niufunge mimi, nikaufunga kwenye boliti yenye rangi. Rangi haipitishi umeme vizuri. Nimeikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza. Kimya. Kimya kitamu hicho.

Nilimwomba radhi. Akasema hana neno, ila leo soda yangu ni yake. Aliinywa yote akinitazama.

Jumamosi, 8 Juni

Nimecheza na vijiti siku nzima. Mteja mmoja alifuata kiti chake cha teksi, akaketi kwenye gari langu "kidogo tu", akatoka baada ya nusu saa akiwa amesahau kilichomleta.

Lakini haijakaa. Nikitengeneza hapa, kule panaharibika. Nikipandisha cha tatu, waimbaji wanapata mafua. Nikishusha cha sita, ngoma inahamia nyumba ya pili. Mikono ninayo. Sikio sina. Fyuzi naye sikio lake ni la injini tu.

Kuna diski ya majaribio iliyokuja nayo. Ina milio kumi na mmoja, mmoja kwa kila kijiti. Anahitajika mtu mmoja tu, aketi kwenye kiti cha dereva, afumbe macho, aseme: pandisha, punguza, hapo.

Namjua mtu huyo.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwomba. Akasema hapana, yeye si fundi magari.

Mama akasema kutoka jikoni, "Mzee, mtoto kakuomba sikio. Hajakuomba figo."

Baba akakunja gazeti mara mbili, akalikunjua, akauliza, "Saa ngapi?"

Kesho saa nane! Nimerudi nyumbani nikiendesha kwa spidi ya maharusi. Nimesugua dashibodi kwa mswaki.

Jumatatu, 10 Juni

Niandike taratibu. Niandike yote.

Alikuja amevaa tai. Nikamwamkia, akaitikia, akalizunguka gari mara moja kama anayekagua kitu cha kununua. Kabla ya kuingia aliinama, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kiti.

"Nani kashona?"

"Mimi, Baba."

"Mmh."

Ile "mmh" ningeweza kuiwekea fremu.

Akaketi kwa dereva. Mimi abiria, kidole kwenye redio. Fyuzi kaegemea mlango nje. Mbwa yuko mahali pake. Baba akafumba macho na kuinua kidole kimoja, vile vile anavyowainulia kwaya, nami nikajikuta nimenyoosha mgongo.

Mlio wa kwanza, mnene. "Punguza. Punguza. Hapo." Wa pili. "Hapo." Wa tatu. "Huu umevimba. Ushushe. Hapo, usiuguse tena." Hakusita hata mara moja! Kwenye wa tano nilikuwa nacheza miguu chini ya dashibodi. Kwenye wa saba akasema, macho bado kafumba, "Mlango wa nyuma kushoto una kitu kinatetemeka." Fyuzi akaufungua, akapapasa. Skrubu moja, imelegea nusu. Akaniangalia, akamwangalia Baba, akavua kofia.

Wa nane, "pandisha kidogo". Sawa. Wa tisa, "Pandisha. Pandisha. Mbona unanibania? Pandisha." Nikapandisha. Masikio yangu yakaanza kuwasha. Wa kumi nikausukuma mpaka juu kabisa, bado akasema haufiki.

Wa kumi na moja nikabonyeza, kijiti kikiwa juu kabisa.

Ulitoka kama msumari kwenye sahani ya bati. Fyuzi akaziba masikio. Mbwa akainuka, akatutazama kwa masikitiko, akavuka barabara na kwenda kulala upande wa pili.

Baba ametulia. Macho kafumba, kidole juu, anasubiri.

"Bonyeza basi, mama."

Mlio unaendelea, mimi namtazama. Uso wake ulikuwa na amani kabisa. Nikauzima.

"Bado kinajipanga, Baba," nikasema. "Kifaa kipya." Uongo, tena uongo wa kijinga. Akakubali.

Kisha akatoa simu yake. Akasema ngoja tusikie kama bati langu linaweza kuwatibu wagonjwa wake. Ilikuwa kwaya, ile ambayo katibu wao aliirekodi ukumbini akamtumia. Nikaiunganisha. Tarehe ilijiandika kwenye kioo cha simu: siku ileile aliyowaachia ukumbi. Nikaweka kidole gumba juu yake.

Vijiti vitatu vya mwisho vilikuwa bado juu, sikuwahi kuvishusha. Kwangu ilisikika kama watu wanaotafuna vioo. Baba alifumbua macho.

"Siku zote," akasema, polepole. "Siku zote tusimame."

Akairudia. Akairudia. Mara sita! Akaupiga usukani kwa kiganja, akacheka, akanigeukia na uso ambao sijauona tangu sijui lini. "Wamejirekebisha. Umesikia hiyo S? Wamejirekebisha kimyakimya, hawakuniambia. Washa gari."

Nikahamia kwa dereva. Tumeuzunguka mtaa mara nne, vioo chini, kwaya imejaa barabara nzima. Watu wanageuka. Baba yangu, na tai yake, ndani ya kinu changu, anapiga mapigo juu ya dashibodi na kuwapungia mkono watu asiowajua. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Furaha gani hii. Na wakati huohuo macho nimeyabandika barabarani, nisimtazame, kwa sababu niliposhusha vioo alikuwa akisema Jumamosi ataenda mkutanoni kuwashukuru.

Kuwashukuru! Watu waliojiandaa kumwondoa.

Jumanne, 11 Juni

Sijamwambia.

Viti vya basi: vinne vimekwisha. Kimoja nimekivisha kinyume.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mama wakati Baba yuko kwa kinyozi. Nimemweleza yote, mpaka mbwa. Hakushtuka. Aliendelea kukunja nguo.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nimeolewa naye miaka arobaini na mmoja."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia," akasema Mama. "Hakusikia."

Akanitazama. Nikamtazama. Tulianza kucheka polepole, kisha tukacheka vibaya, tumeshikilia meza, Mama anajifuta machozi kwa soksi ya Baba. Tulipotulia akaniambia, safari hii bila kucheka, kwamba yeye akisema Baba ataona ni mke anamzeesha. Mimi nikisema, ataona ni fundi anasema. "Wewe una kifaa. Mimi nina mdomo tu."

Kesho basi.

Alhamisi, 13 Juni

Nilikuwa nimejipangia maneno. Niliyapanga njia nzima nikienda kupeleka viti vya shule kwa pikapu ya kukodi, na njia nzima nikirudi.

Nimerudi, Baba yuko ndani ya gari langu. Fyuzi kampa ufunguo. Vioo vimefungwa, redio inaimba. Nimesimama nje nikimtazama. Anashusha kijiti cha kumi na moja, anasikiliza. Anapandisha, anasikiliza. Anashusha cha kumi. Anapandisha. Simu iko mapajani, kioo kimewaka, na tarehe inasomeka hata nilipokuwa nimesimama.

Nikaingia upande wa abiria. Hakunitazama.

"Hii ni ile ya siku niliyoondoka."

"Ndiyo, Baba."

Akapandisha vyote vitatu mpaka juu. "Ukikaa wewe hapa, inakuwaje?"

"Inaumiza. Kama mtu anakwangua sufuria."

"Na juzi, ule mlio wa mwisho. Uliubonyeza?"

"Niliubonyeza."

"Huyu Fyuzi alifanya nini?"

"Aliziba masikio."

"Na mbwa?"

"Alihama, Baba. Alivuka barabara."

Mimi moyo unaniruka kama sabufa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamshika mkono – anacheka! "Mpaka mbwa," akasema. "Mpaka mbwa, na mimi nimekaa na tai yangu." Alicheka mpaka kweli machozi yakatoka, akayaacha yashuke, akaacha kucheka, na bado yakashuka. Nikaendelea kumshika mkono. Sijawahi kumshika mkono baba yangu muda mrefu hivyo.

"Watoto wa watu," akasema. "Mwaka mzima nawaambia wanakula maneno. Yule wa soprano nilimwambia mbele ya wenzake arudi shule akajifunze kusoma."

Nikampa kitambaa cha kufutia dashibodi.

Baada ya muda akajifuta, akakaa vizuri, ule mkao wa mwalimu. "Vishushe vyote vitatu. Chini kabisa."

Nikavishusha.

"Sasa wewe unasikia nini?"

Nikasikiliza. Jamani. Kwaya nzima ilikuwa kama imewekewa mto mdomoni. Nikamwimbia nilichokisikia, na sauti yangu hii isiyofaa: "Iku ote tuimame."

Akageuka haraka. "Ndivyo," akasema. "Ndivyo hasa." Akanionyesha kifua chake kwa kidole. "Hivyo ndivyo ninavyowasikia. Hakuna aliyewahi kukaa hapa nilipokaa." Akavitazama vile vitaa vya kijani. "Unaweza kukiacha hivi mpaka Jumamosi?"

Wiki saba nimeingojea. Siku kumi nimehangaika iimbe vizuri. Sasa naombwa niiharibu kwa makusudi.

"Naweza, Baba. Tena nitavibandika utepe wa gundi visisogee."

Jumamosi hii sitabaki nyumbani kwa lolote!

Ijumaa, 14 Juni

Gari limeoshwa. Mama kamwekea Baba miadi kwa daktari wa masikio, Jumanne. Hajakataa. Amepiga simu mara tatu: Je, betri ina nguvu? Je, vijiti havijasogea? Je, watu wanne wataenea? Nikamwambia watano, wakibanana.

Amenunua tai mpya.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa kwenye ngazi za ukumbi, daftari magotini, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Mkutano ulikuwa saa nne. Sasa saa nne na dakika arobaini na hakuna aliyeingia. Ukumbini viti vimepangwa, jagi la maji liko mezani, mtu hakuna. Wote wako uani kwenye gari langu.

Ilivyokuwa: niliegesha mbele ya mlango kabisa. Katibu wa kwaya, mama mmoja mrefu asiye na mzaha, alikuja na faili kifuani akasema, "Mwalimu, karibu, tunaanza." Baba akamwambia kabla ya kuanza anaomba dakika tatu za kila mmoja, ndani ya gari. Katibu akanitazama mimi. Nikafungua mlango. Unadhani ningefanya nini?

Wa kwanza kuingia alikuwa yule wa soprano aliyeambiwa arudi shule. Kanuna mpaka shingoni. Baba akafunga mlango, mimi nikawasha kutoka upande wa pili. Uso wake ulitoka kwenye kununa, ukaja kwenye kushangaa. Akanyoosha mkono kugeuza kinobu, nikamzuia. "Redio yenu mbovu," akasema.

"Redio ni nzima," Baba akamjibu kupitia dirishani. "Hayo ni masikio yangu."

Hakutoka. Aliomba irudiwe. Mara ya pili aliinamisha kichwa kwenye usukani. Alipotoka hakumwambia Baba chochote, alikwenda kuwaita wenzake. Sasa wamepanga foleni! Besi, teno, wote, wanaingia watatu watatu, wanatoka wanabishana. Mmoja anauliza sabufa ni bei gani. Mwingine kaniuliza nani kashona viti, na kama naweza kumshonea. Wawili kati ya wale wanne waliojiondoa wapo. Sijui nani kawaita. Kijana wa teno amesimama nyuma ya Baba, kamwita "Mwalimu" mara mbili. Baba hajageuka. Wote wameona. Hakuna aliyecheka. Yule kijana akazunguka, akaja kusimama mbele.

Mimi sijui watakavyoamua. Faili lipo, ndani yake nimeona karatasi iliyopigwa chapa, na jina la mwalimu mwingine. Kiongozi asiyesikia S bado hasikii S, hata tukimwonea huruma namna gani. Baba mwenyewe kaniambia njiani: "Wakiniondoa watakuwa na haki. Ila wajue wanamwondoa nani."

Lakini mwangalie! Kasimama katikati yao, tai mpya, anaeleza kijiti cha tisa kinafanya nini kana kwamba yeye ndiye aliyekifunga. Kasema "binti yangu, fundi" mara tano. Nimehesabu.

Amebaki katibu. Alikataa, akakataa, sasa ameingia. Peke yake. Kaweka faili juu ya dashibodi na kufunga mlango. Uani kimya. Hapa nasikia besi tu.

Wimbo umekwisha. Hatoki.

Ameshusha kioo, kamwita Baba aingie akae upande wa abiria. Baba kaingia. Wamefunga vioo. Midomo ya katibu inakwenda taratibu, Baba anaitazama, anatikisa kichwa – ndiyo? hapana? – katibu anaanza tena, ameshika faili. Soprano wote wamesogea mpaka kwenye boneti. Na sasa Baba ananyoosha mkono, anaubandua utepe wa gundi, anakishika kijiti cha kumi na moja, na katibu anaweka mkono wake juu ya mkono wa Baba, wanakipandisha pamoja, na faili limelala magotini mwake, halijafunguliwa.